Bunduki Inayovuta Kushoto

4 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Bati la karakana linapigwa hadi sisikii randa yangu mwenyewe. Milango ya zahanati nimeipaka rangi tangu juzi na bado inanata. Wanasema nguruwe pori wameshaingia kwenye mahindi ya bondeni.

7 Machi

Mvua. Kila droo ninayoitengeneza asubuhi inagoma kufunguka jioni. Mbao zinakunywa maji kama wagonjwa wa homa.

12 Machi

Kijiti amekufa.

Kijiti alikuwa mfuata nyayo wa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kazi yao ilikuwa moja: Kijiti anatafuta nguruwe, shemeji anapiga. Halmashauri ndiyo iliyompa shemeji bunduki na kibali cha kulinda mashamba, na watu wa bondeni humwita Komando. Wanamwita hivyo kwa utani, lakini ni utani wenye heshima ndani yake.

Leo asubuhi walilikuta dume kubwa la nguruwe kando ya mfereji. Shemeji alipiga kutoka karibu tu, kama kutoka karakana yangu hadi mashine ya kusaga hapo ng'ambo ya barabara. Risasi ilikwenda kushoto. Badala ya kifua ikampasua paja, na nguruwe akaingia kwenye mabua. Kijiti akafuata damu. Dume halikukimbia, lilizunguka likamngoja. Lilimchana kuanzia gotini hadi kinenani, kisha likarudi tena alipokuwa ameshaanguka.

Walikuja kwangu kutafuta kitu cha kumbebea. Niliwapa mlango mmoja wa zahanati. Alipofika hapa bado alikuwa anapumua, mikono yake miwili imeshika tumbo kama mtu anayezuia mzigo usidondoke. Alikata roho pale pale, juu ya mlango. Walipomwinua, shati lake lilikuwa limegandia kwenye rangi yangu, ambayo kwa mvua hii bado haijakauka, ikabidi walivute.

Shemeji aliketi kwenye benchi langu la kazi, damu hadi kwenye viwiko. "Shemeji," akaniambia, "bunduki inavuta kushoto. Nakuapia. Nililenga kifua."

Mdogo wangu akaja na maji ya kunawa. Akaliweka beseni chini, maji kidogo yakamrukia mumewe mguuni. Shemeji akamtazama tu. Mdogo wangu akarudi nyuma hatua mbili, haraka, mpaka akagonga ukuta. Chini ya jicho lake kulikuwa na wekundu.

"Umefanya nini hapo?" nikamuuliza.

"Nimejigonga kwenye kabati, dada."

Kabati hilo nimelitengeneza mimi. Kona zake nilizizungusha zote. Lakini mbele ya maiti nani anaulizia kabati?

14 Machi

Tumemzika Kijiti. Kaburi lilijaa maji, wakawa wanayachota kwa ndoo.

16 Machi

Leo shemeji ameleta bunduki. Amekuja na Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori mwenye miwani mizito, kwa kuwa bila yeye bunduki ya halmashauri haifunguliwi na mtu. Bwana Nyama alikuwa amesikia kwamba baba yetu alikuwa akizichongea bunduki mbao, na kwamba mimi ndiye niliyerithi patasi zake.

Nimeifungua mbele yao. Bunduki ya kuwindia ni vitu viwili tu vilivyooana, chuma na mbao. Mbao inatoka kwenye kitako kinachokaa begani hadi chini ya mtutu, na chuma kinalala ndani yake kikishikwa na skrubu mbili. Kikilala vizuri, bunduki inarudi mahali pale pale kila inapopiga. Kikilala vibaya, kila risasi inaondoka na safari yake.

Nikachukua kikaratasi nikajaribu kukipitisha kati ya mtutu na mbao. Upande wa kushoto kilipita. Upande wa kulia kiligoma kabla hata ya kuanza. Mbao ilikuwa imevimba kwa unyevu na kujipinda, ikausukuma mtutu kwenda kushoto. Nikampa Bwana Nyama kikaratasi ajaribu mwenyewe.

"Kwa hiyo kweli ina kasoro," akasema.

Shemeji aliruka kwa furaha, mtu mzima yule. Alinishika mabega. "Si niliwaambia? Si niliwaambia!" Machozi yakamlengalenga. Nami nilifurahi. Mtu aliyezika rafiki yake anahitaji kujua kosa lilikuwa wapi.

20 Machi

Mbao ya zamani haifai hata kwa kuni. Nimeamua kuchonga mpya, na si ya kipande kimoja. Nimepasua mbao ngumu ya baba, ile iliyokaa darini tangu tukiwa wadogo, nikapata vipande vyembamba nikavigandisha pamoja kwa gundi, nyuzi za hiki zikipingana na za kile. Kimoja kikitaka kujipinda, jirani zake wanamkatalia.

22 Machi

Gundi inakauka polepole. Mvua.

25 Machi

Shemeji amekuja kupimwa. Nimepima urefu wa mkono wake toka kiwiko hadi kidole cha kufyatulia, upana wa bega, na umbali wa shavu hadi jicho, ili nimchongee egemeo la shavu litakaloliweka jicho sawa na darubini iliyo juu ya bunduki kila mara. Mcheshi sana leo. Anasema nikimaliza bunduki nimchongee na mke mpya, huyu naye anavuta kushoto. Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka.

Jioni mdogo wangu alikuja peke yake. Alikaa juu ya rundo la mbao na kuzungusha kipande cha taka ya randa kidoleni.

"Dada, hiyo kazi utaimaliza lini?"

"Wiki mbili hivi. Kwa nini?"

"Akikosa shabaha, usiku wake mimi ndiye nguruwe."

Aliinua blauzi kidogo. Ubavu wake wote ulikuwa wa rangi ya zambarau, na katikati palikuwa na alama ya soli ya kiatu, michirizi yake unaiona kabisa.

Siku zote nimemwona mdogo wangu kuwa mtu wa kudeka. Alipokuwa mdogo akichomwa na mwiba mtaa mzima unajua. Nilipokuwa nikimwona na alama nilijiambia anakuza mambo. Leo sikuweza kujiambia hivyo.

"Nitamwambia," nikasema.

"Usimwambie chochote! Wewe tengeneza bunduki. Ikipiga sawa, atatulia. Si mtu mbaya, dada. Ni hii aibu tu inayomla."

Nikamwamini, au nilitaka kumwamini. Nitaitengeneza bunduki hii kama sijawahi kutengeneza kitu.

27 Machi

Patasi tangu asubuhi. Nimekataa kazi ya meza nne.

2 Aprili

Leo nimekilaza chuma. Kwanza nilikipaka masizi ya taa, nikakilaza mahali pake, nikakitoa. Palipobaki weusi kwenye mbao ndipo panapogusa, nikapakwangua. Nikarudia hivyo hadi nikachoka kuona weusi. Kisha nikachanganya gundi ngumu ile ya sehemu mbili, nikaitandika ndani ya mbao, nikakipaka chuma nta ili kisigande, nikakikandamiza. Gundi ikikauka inakuwa godoro lenye umbo la chuma hicho na si kingine. Mtutu wenyewe nimeuacha uelee, haugusi mbao popote.

Nta niliyeyushia kwenye sufuria ya mdogo wangu, ile nzuri aliyoniazima. Sijamwambia.

3 Aprili

Nilipokigonga chuma kikatoka, godoro limetoka safi, bila hata tundu. Nimeipaka mbao mafuta ya kitani ndani na nje. Maji sasa hayaingii. Kikaratasi kinapita kama kwenye hewa.

6 Aprili

Tumeijaribu kwenye machimbo ya mawe ya zamani. Tulikuwa wanne: shemeji, Bwana Nyama, mimi, na mdogo wangu aliyekuja na chupa ya chai na kazi ya kubandika karatasi za shabaha. Mvua ilikuwa nyepesi.

Shemeji alilala nyuma ya mifuko ya mchanga. Akapiga risasi tano. Bwana Nyama akatazama kwa darubini yake, akaishusha. Tulipokwenda kuangalia, matundu yalikuwa yametawanyika kama maharage yaliyomwagika, na mengi yako chini, kushoto.

"Bado inavuta," shemeji akasema. "Fundi, bado inavuta."

Nikachukua kikaratasi nikakipitisha. Kilipita. Nikashika skrubu, zimekaza.

Bwana Nyama alisema, "Hebu nipe niipakie mwenyewe." Akatugeuzia mgongo, akaifunga, akamrudishia. "Piga tena, polepole."

Shemeji akalenga. Akavuta. Hakukuwa na mlio, ila *ta* ndogo tu. Bwana Nyama alikuwa ameweka ganda tupu la risasi. Na pale, bila moshi wala kishindo cha kuficha, sote tuliona: macho ya shemeji yalifumba, bega likaruka, na mtutu ukachota chini, kushoto, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Alikuwa anaiogopa bunduki. Komando.

Mdogo wangu akacheka. Haikuwa dharau, naapa. Ilimtoka tu, pumzi fupi ya mshangao, kisha akaziba mdomo kwa mkono. Lakini machimbo yale yana mwangwi.

"Si jambo la aibu," Bwana Nyama akasema kwa upole. "Linawapata wengi. Linafundishika." Kisha akanigeukia. "Fundi, hebu piga wewe, tujue ya bunduki ni ipi na ya mtu ni ipi."

Nilipaswa kukataa. Lakini nilitaka kujua. Wiki tatu za kazi yangu zilikuwa mle ndani. Nililala, nikapumua, nikabonyeza kama baba alivyonifundisha, bila kuuambia mkono ni lini. Matundu matatu, ukiyafunika kwa kifuniko cha chupa ya soda hayaonekani.

Shemeji aliing'oa karatasi ukutani, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Njiani alitembea nyuma ya mke wake.

7 Aprili

Nimetuma salamu kwao. Hakuna jibu.

8 Aprili

Nimepita nyumbani kwao. Mlango umefungwa kwa ndani, shemeji akajibu bila kufungua: "Amelala, shemeji. Ana homa." Nilisimama pale mvuani kama mjinga, kisha nikaondoka. Niliondoka!

9 Aprili

Naandika kwa shida, vidole viwili vimefungwa. Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Asubuhi mdogo wangu aliingia karakana bila viatu. Taya lake lilikuwa limehama, upande mmoja uso umeingia ndani na mwingine umetoka. Damu na mate vilimtiririka hadi kifuani. Alijaribu kusema, kikatoka kitu kama mluzi. Nikaelewa neno moja: anakuja.

Nikamwingiza stoo, nyuma ya mbao zilizosimamishwa. Nikataka kutoka nimwite mama wa mashine, jirani yangu wa ng'ambo. Sikuwahi. Shemeji alikuwa ameshafika mlangoni. Bunduki ameifunika kwa koti la mvua, imekauka kabisa, kama nilivyomwagiza. Yeye mwenyewe amelowa chapachapa.

"Shemeji, habari za kazi."

"Njema. Weka hiyo chini tuzungumze."

"Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Hayupo hapa."

Akatazama sakafu. Matone mekundu yalikuwa yamepangana kwenye taka za randa hadi stoo. "Wewe hujui kudanganya," akasema, karibu kwa huruma.

"Umemvunja taya."

"Alinicheka. Mbele ya Bwana Nyama! Mwanaume anachekwa na mkewe, utamwambia afanye nini?"

"Aende nyumbani akalale."

Alitabasamu. Ndipo mbao zikaanguka stoo, na nikasikia mlango wa uani ukisukumwa. Alikuwa anakimbia. Shemeji alivuka karakana, akasimama kwenye mlango wa uani, akainua bunduki. Nililiona shavu lake likitua kwenye egemeo nililomchongea. Lilitua sawasawa. Mdogo wangu alikuwa katikati ya uwanja, anateleza matopeni, mgongo mzima uko wazi.

Nilipiga kelele, na yeye akapiga risasi. Ndani ya mabati ule mlio ulinipasua kichwa. Tangi la maji lililokuwa kushoto kwake likatoboka, maji yakaruka mkondo mrefu. Mdogo wangu akaanguka. Nikadhani amekwisha. Kisha nikamwona anatambaa.

Shemeji akavuta komeo la bunduki, ganda likaruka, akasukuma risasi nyingine ndani.

Nyundo yangu ya mti ilikuwa mkononi. Sijui niliichukua saa ngapi. Nilimpiga begani, nikasikia mfupa ukivunjika kwa mlio ninaoujua, wa ubao mkavu. Akageuka na kunitia kitako mdomoni. Meno mawili ya mbele yakaenda. Tukaanguka wote kwenye taka. Aliniuma vidole, akauma hadi nikahisi jino lake limefika mfupani, akatikisa kichwa kama mbwa. Nikampiga kiwiko. Nikampiga mkono ulioshika bunduki, tena na tena, mpaka ukaiachia. Nikampiga uso. Nilipiga kama ninavyopiga patasi, bila haraka, mahali pale pale.

Alisema, "Basi, shemeji. Basi." Nilimsikia vizuri. Nikampiga tena.

Aliyenizuia ni mdogo wangu. Alirudi kutoka uwanjani akaning'inia kwenye mkono wangu kwa uzito wake wote. "Dada," akasema kwa taya lile lililovunjika. Neno moja hilo tu. Nikaiacha nyundo.

Mama wa mashine akaingia na wanaume watatu, wamejaa unga. Mmoja alimtazama shemeji sakafuni akatoka nje kutapika.

11 Aprili

Polisi. Afande aliniuliza nilimpiga mara ngapi. Nikasema sijui.

"Daktari anajua," akasema, akaendelea kuandika.

Shemeji yuko hospitali chini ya ulinzi. Bega, kiwiko, vidole, shavu. Mkono wa kulia, daktari haahidi kitu. Mdogo wangu yuko wodi iliyo jirani na yake, taya limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Kati yao kuna ukuta mmoja tu, na anasema kwa kuandika kwenye kiganja changu kwamba anamsikia akikohoa.

Nimelala vibaya. Si kwa sababu ya maumivu. Ni ile "basi, shemeji." Na ni kwa sababu niliposikia mfupa ukivunjika, kuna kitu ndani yangu kilifurahi.

14 Aprili

Nilipeleka mahindi kusaga. Foleni ikanigeukia. Mkulima mmoja wa bondeni akasema bila kunitazama, "Komando alikuwa na makosa yake, lakini nguruwe aliwaweza. Sasa mahindi nani atayalinda?"

Mama wa mashine alizima injini ili wote wasikie. "Aliwaweza lini? Kijiti yuko wapi?"

Akaiwasha tena.

15 Aprili

Mvua. Nimeziba tangi.

17 Aprili

Lile dume limerudi. Limemkuta mkulima yule yule wa kwenye foleni akipalilia, likamtafuna mkono. Wamemkata kuanzia juu kidogo ya kifundo.

Jioni Bwana Nyama alifika na bunduki. Polisi wameshaipima kwa ajili ya kesi, wakairudisha kwake kwa sahihi kwa sababu ni mali ya halmashauri na nguruwe hawangoji mahakama. Akaiweka juu ya benchi. Kitako kilikuwa na damu yangu iliyokauka, na alama ya jino.

"Macho yangu unayaona," akasema, akigonga miwani. "Askari wa wanyamapori niliyemwomba atafika mwisho wa mwezi. Nakuandikia kibali cha kesho kutwa, wewe na mimi."

"Mimi ni seremala."

"Nilikuona machimboni."

"Vidole vyangu?"

"Kidole cha kufyatulia hakijaumwa."

Nilimwambia sitaki kuishika tena. Akaniuliza kama nina mtu mwingine wa kumtaja. Sikuwa naye.

19 Aprili

Tuliingia kwenye mabua alfajiri. Tulilisikia kabla ya kuliona: harufu ya nyama iliyooza, inayotembea. Bwana Nyama akanigusa bega akanionyesha kwa kidevu.

Dume lilitoka kwenye mstari wa mahindi, kubwa kama pipa, likiuburura mguu mmoja. Liliposimama nikaona lile jeraha la pajani. Lilikuwa wazi, limejaa funza, linachemka. Mnyama huyo alikuwa ametembea na risasi ya shemeji tangu siku aliyokufa Kijiti. Mwenye maumivu ya namna hiyo angemuua yeyote.

Lilituona, likaja. Niliweka shavu kwenye egemeo. Lilikuwa limechongwa kwa uso mwingine, nikalazimika kuinua kichwa kidogo. Nikapumua, nikabonyeza. Risasi iliingia pale pale nilipotaka, vumbi la manyoya likaruka kifuani, na bado likaja. Lilikuja na kifo chake ndani, likaanguka karibu na buti za Bwana Nyama, miguu ikichimba udongo, damu ikitoka puani kwa povu. Bwana Nyama akachomoa kisu akalikata koo, na damu moto ikanirukia magotini.

Nilikaa chini kwenye tope nikatapika mpaka nikabakiwa na nyongo. Bwana Nyama alinishikia bunduki. Hakunisifu, na nilimshukuru kwa hilo.

20 Aprili

Wakulima wamegawana nyama. Wameniletea paja zima. Nimewarudishia.

30 Aprili

Waya umetolewa. Mdogo wangu amehamia kwangu. Anasema polepole, herufi nyingine zinamponyoka. Mama mkwe wake alikuja na maneno matamu: mtoto wake amelemaa, ameadhibiwa vya kutosha, kesi ifutwe, ndoa ni uvumilivu. Nilitegemea mdogo wangu atalia. Alimsikiliza hadi mwisho, akamsindikiza hadi mlangoni, akafunga.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimwita mtu wa kudeka.

13 Mei

Mahakama. Shemeji alisimama na mkono kwenye kitambaa, shavu limebonyea, amekonda. Nilipomwona nilihisi huruma, kisha nikaona aibu kwa huruma hiyo, kisha nikachoka na vyote viwili.

Utetezi wake ulikuwa mfupi. Alitaka tu kumtisha mkewe. Alilenga mbali, juu ya ukuta. Bunduki ndiyo iliyovuta, kwa sababu fundi, yaani mimi, aliiharibu. Alinyoosha mkono wake ulio mzima kunionyesha.

Mtaalamu wa silaha wa polisi akaeleza kwamba aliipiga bunduki hiyo ikiwa kavu na ikiwa imelowa, na haivuti popote. Inakwenda inakoelekezwa. Shemeji aliinamisha kichwa.

Hakimu akamgeukia mdogo wangu. "Mama, risasi ilipita pembeni yako. Huoni kwamba huenda aliamua kukuacha?"

Mdogo wangu alilishika taya lake, kama anavyofanya anapotaka neno litoke zima.

"Alinikosa, Mheshimiwa," akasema. "Hakuniacha."

16 Mei

Amefungwa miaka tisa. Mimi nimeonywa kwa maneno makali, nikaambiwa nguvu niliyotumia ilipita kiasi. Sikubisha. Ilipita.

27 Mei

Mvua imekatika. Bondeni wanavuna.

Leo mdogo wangu amegundua sufuria yake. Nta imegandia chini, imeingia hadi kwenye misumari ya mpini. Alisimama mlangoni pa karakana ameishika, akaanza. Kwanza taratibu, halafu sauti ikapanda. Mimi sina adabu, mimi sijawahi kujali kitu cha mtu, hata tulipokuwa watoto, watu wenye akili zao hawayeyushi nta kwenye sufuria ya chakula, na kama sioni tofauti ya jiko na karakana ndiyo maana sina mume. Herufi zilimponyoka huku na huku, hakujali. Akaibamiza sufuria kwenye benchi kwa nguvu zote hadi patasi zikaruka.

Na mara tu ule mlio ulipotoka, akanyamaza. Mkono wake ukapanda wenyewe kuziba uso, kiwiko mbele, kichwa kimeinama.

Sikuwa nimesogea. Nilikuwa nimekaa na msasa wangu mkononi.

Akabaki hivyo kidogo. Kisha akautazama mkono wake, kana kwamba mtu mwingine ameuweka pale. Akaushusha polepole hadi ubavuni. Akavuta pumzi.

"Na usidhani nimemaliza," akasema, akaendelea kunitukana.